Mashine ikigoma kukamua nguo, usikubali fundi aondoe breki

Dar es Salaam. Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mvua za masika. Mama mmoja mkazi wa Tabata alifunua upande wa kukamulia wa mashine yake ya kufulia, akakuta nguo zinachuruzika maji kama vile zimetoka kwenye beseni sasa hivi. Ndani kulikuwa na sare mbili za chekechea, shuka la kitanda cha mtoto na nepi za kitambaa za kichanga wa miezi mitano. Alifunga mfuniko, akazungusha taima upya. Mashine ikavuma, pipa likatikisika kidogo, kisha likatulia.

Nguo alizikamua kwa mikono na kuzitandaza kwenye viti vya sebuleni, kwa kuwa nje kulikuwa kunanyesha. Jumatatu asubuhi kaptula ya mtoto wake wa kwanza, mvulana wa miaka minne, ilikuwa bado mbichi kwenye mkanda wa kiuno na ilianza kunuka uvundo. Aliivaa hivyohivyo.

Katikati ya wiki akaita fundi. Alikuja na bisibisi, koleo na testa, akaigeuza mashine, akafungua kifuniko cha nyuma, na baada ya dakika ishirini pipa lilikuwa linazunguka kuliko hata siku lilipotoka dukani. Dada, ilikuwa shida ndogo tu, alimwambia, akapokea hela yake na kuondoka. Jambo ambalo hakulieleza, na ambalo mwenye mashine hakujua kama anapaswa kuuliza, ni kwamba kilichokuwa na hitilafu ni breki ya pipa. Alichofanya ni kuing'oa.

Siku chache baadaye mvulana yule alifungua mfuniko kutafuta jezi yake. Umeme ulikatika mara tu mfuniko ulipoinuka, kama inavyotakiwa, na mota ikanyamaza. Lakini pipa liliendelea kuzunguka kimyakimya kwa mwendo lililokuwa nao. Mtoto akashika mkono wa jezi. Kitambaa kikamviringika vidoleni na kumvuta ndani.

Alitoka na kidole cha kati kilichovunjika na mkono uliochubuka hadi kwenye kifundo. Daktari aliyempokea alimwambia mama yake kuwa wamepata bahati, na kwa majeraha ya namna hii maneno hayo si ya kufariji tu. Madaktari wamekuwa wakiandika kwa miongo mingi kuhusu watoto walionaswa mikono kwenye mashine za kukamua nguo: ngozi iliyochanika, mifupa ya mkono iliyovunjika, wakati mwingine kano na mishipa iliyokatika.

Pipa linavyofanya kazi

Mashine ya mama huyo ni ya matangi mawili, aina iliyo katika nyumba nyingi kwa sababu bei yake ni nafuu na unaweza kuijaza maji kwa ndoo pale bomba linapokauka. Upande mmoja unafua. Upande wa pili una pipa jembamba lenye matundu linalokamua. Kila upande una mota yake, ndiyo maana mashine inaweza kufua vizuri kabisa na bado ikashindwa kukamua.

Pipa hilo huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, nguo ya kilo moja huukandamiza ukuta wa pipa kana kwamba ina kilo zaidi ya 100, na hiyo ndiyo nguvu inayofukuza maji kupitia matundu. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayofanya mashine ishtuke na kugonga pembeni kama taulo zito limekaa upande mmoja. Na ndiyo inayomvuta mtoto.

Kwa hiyo mashine imetengenezwa ikiwa na sababu kadhaa za kukataa kukamua. Hukataa mfuniko ukiwa wazi. Hushindwa maji yakiwa hayajatoka, mzigo ukiwa umeegemea upande mmoja au umeme ukiwa mdogo. Mara nyingi mashine inayoonekana mbovu inakataa kwa haki, na sababu yake inaweza kupatikana bila kufungua hata skrubu moja.

Kabla ya kumpigia fundi

Chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi, hasa kama sakafu ina maji na umevaa kandambili zilizolowa au uko peku.

Anza na nguo zenyewe. Blanketi moja peke yake, au jinzi mbili zilizojikunja upande mmoja, zinatosha kulifanya pipa ligonge na kushindwa kushika kasi. Zitoe, zipange upya kwa mzunguko, nzito zikae chini, kisha zikandamize. Juu yake kuna kisahani cha plastiki chenye matundu kinachokuja na mashine ya matangi mawili. Katika nyumba nyingi kisahani hiki hakijulikani kilipo. Ama kilitupwa pamoja na boksi, ama watoto wamekigeuza usukani wa gari. Kazi yake ni kuzuia nguo zisipande juu na kurukia kwenye pengo kati ya pipa na ukuta wake wa nje.

Pengo hilo ndilo linalomeza soksi. Soksi ya kichanga ikishuka humo hujizungusha kwenye shafti chini ya pipa, na mota huvuma bila kuweza kulizungusha. Mwenye mtoto mchanga ana sababu ya kuanzia hapa: mulika pengo hilo kwa tochi ya simu, pande zote. Ukiona kitambaa, kivute polepole kwa waya uliokunjwa ncha. Kikigoma, muachie fundi, kwani ukilazimisha unaweza kuchana mpira unaozuia maji yasidondokee mota iliyo chini yake.

Angalia pia maji. Mashine nyingi za matangi mawili hazina pampu; maji hutoka kwa kuteremka tu. Mpira wa maji machafu ukiwa umeinuliwa juu ya ndoo, umejikunja nyuma ya mashine au umejaa nyuzi za nguo, maji hubaki chini ya pipa. Pipa linalozunguka ndani ya maji ni kama mtu anayekimbia baharini maji yakiwa kiunoni. Laza mpira chini, uunyooshe, uusafishe, kisha jaribu tena.

Halafu kuna umeme wenyewe, ambao mafundi wengi husahau kuutaja kwa kuwa hauna kipuri cha kuuza. Nyumbani unatakiwa kuwa karibu na volti 230. Ukishuka kwa robo, nguvu ya mota ya aina hii kuanza kuzunguka hushuka karibu nusu. Mashine itavuma, itatikisika, itashindwa. Ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba huongeza tatizo hilohilo, na yenyewe hupata moto. Jaribu kukamua alfajiri, mashine ikiwa imechomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Kama inakamua vizuri saa kumi na moja asubuhi na inagoma saa mbili usiku wakati mtaa mzima umewasha kila kitu, usinunue mota mpya.

Wenye mashine zinazofunguliwa kwa mbele wana mambo yao. Kuna kijimlango kidogo chini kwenye kona, na nyuma yake kuna chujio la pampu. Humo hukutwa sarafu, vibanio vya nywele, vifungo na tope la nyuzi. Weka beseni la chini na taulo kabla ya kulifungua, na subiri maji yapoe kama ulifua kwa maji ya moto. Sabuni nayo ni chanzo kikubwa: unga wa kufulia kwa mikono hutoa povu jingi, na povu likijaa mashine hizi hupunguza kasi au kuacha kukamua kabisa. Tumia ya mashine, tena kidogo. Na kama mashine ni mpya na inaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, angalia mgongoni. Zipo boliti za kushikilia dramu wakati wa safari ambazo zilitakiwa kutolewa kabla ya kuwashwa kwa mara ya kwanza.

Breki inayofanya kazi kinyumenyume

Yakishaangaliwa hayo yote na pipa la matangi mawili bado linavuma bila kushika kasi, mara nyingi mambo hubaki mawili: kapasita au breki.

Kapasita ni kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza. Ikichoka, mota huvuma tu. Si ghali na fundi huibadilisha haraka, lakini mzazi asiishike, kwani huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Breki inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo familia ya Tabata ilipoumizwa. Kwenye baiskeli ukivuta waya, breki inashika. Kwenye pipa la kukamulia ni kinyume chake. Mfuniko ukifungwa huvuta waya, na waya huo huiachilia breki ili pipa lizunguke. Mfuniko ukifunguliwa waya hulegea, springi husukuma breki ishike, na pipa husimama.

Waliobuni mpango huu walikuwa na akili. Waya ukikatika, breki hubaki imeshika na pipa linakataa kuzunguka. Ukilegea kwa uzee, breki huachia nusu tu: pipa huzunguka kwa uvivu, nguo hutoka na maji, na wakati mwingine kuna harufu ya mpira unaoungua. Hiyo ndiyo hali aliyoikuta mama yule siku ile ya mvua. Mashine yake ilikuwa inamwambia kwamba waya umechoka.

Tiba yake ni kukaza waya au kuubadilisha, pamoja na kipande cha breki kama kimelika. Ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kwenye mashine nzima. Lakini kinahitaji kutafutwa dukani, na fundi hulipwa siku ile anapoonyesha pipa linazunguka. Kuing'oa breki huchukua dakika chache na matokeo yake, kwa macho ya mteja, yanapendeza zaidi: pipa halina tena kinachoishika.

Ndugu yake ubaya huu ni kuunganisha nyaya za swichi ya mfuniko moja kwa moja, ili mashine iamini kuwa mfuniko umefungwa muda wote. Hapo hata mota haizimi mtoto anapofungua. Kwenye mashine ya mlango wa mbele, kinachorukwa ni kufuli la mlango. Si vitu vya hiari vilivyoongezwa ili mashine iuzwe ghali. Kuna kiwango cha kimataifa cha usalama, IEC 60335, chenye sehemu nzima inayohusu mashine za kukamua nguo kwa kuzungusha.

Mzazi anaweza kuipima breki mwenyewe kwa nusu dakika, bila umeme. Chomoa plagi, fungua mfuniko wa upande wa kukamulia, toa nguo, kisha jaribu kulizungusha pipa kwa mkono. Linapaswa kukataa, au kusogea kidogo kwa ubishi mkubwa. Likizunguka kwa ulaini kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, breki haipo au haishiki.

Kipimo cha pili ni cha mashine ikiwa inafanya kazi, na kifanywe watoto wakiwa mbali. Pipa likiwa kwenye kasi, inua mfuniko na uhesabu. Vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi za aina hii husema pipa lisiposimama ndani ya sekunde 15, acha kuitumia mara moja na itengenezwe. Breki nzima husimamisha pipa mapema zaidi ya hapo. Mfanyie kipimo hiki fundi akiwa bado mlangoni, kabla ya kumlipa, na mwombe akuonyeshe kipuri cha zamani alichokitoa. Fundi mwaminifu hatachukia.

Nguo mbichi nazo si jambo dogo

Ni rahisi kumlaumu mzazi aliyekubali matengenezo ya haraka. Lakini mwenye kichanga na mtoto wa shule, katika wiki ya tatu ya mvua, hatafuti mjadala kuhusu waya. Anataka nguo zikauke. Na ana hoja ya kiafya.

Nguo zisizokamuliwa hubeba lita kadhaa za maji, na zikianikwa ndani maji hayo huishia kwenye hewa ya chumba wanacholala watoto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba. Lilieleza kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu au ukungu wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Kwa mtoto anayekoroma kifua kila masika, mahali pa kuanika nguo ni sehemu ya matibabu. Kama hakuna njia ila ndani, bora kwenye kibaraza au chumba kisicholaliwa, dirisha likiwa wazi.

Kuanika nje kivulini nako kuna mgeni wake. Yupo nzi wa Afrika ya kitropiki, Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye mchanga ulio kivulini na kwenye nguo zenye unyevu. Funza wake huingia kwenye ngozi ya anayevaa na kufanya uvimbe unaofanana na jipu, wenye kitundu kidogo katikati. Nguo za kichanga zilizochukua siku mbili kukauka zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, na mishono isisahauliwe, maana hapo ndipo unyevu hukawia. Uvimbe wa namna hiyo usikamuliwe nyumbani. Mpeleke mtoto kituo cha afya.

Mkono ukinaswa

Mtoto akinaswa, zima kwenye soketi au swichi kuu. Usimvute. Kuvuta hukaza kitambaa na kuchana kilichobaki salama. Lirudishe pipa nyuma polepole kwa mkono ili kitambaa kilegee; breki ikizuia, kata kitambaa kwa mkasi. Vua bangili au pete haraka kabla mkono haujavimba. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi, inua mkono, na nenda hospitali.

Nenda hata kama ngozi inaonekana nzima. Mkono uliosokotwa unaweza kuvimba ndani saa kadhaa baadaye na kubana mishipa ya damu. Vidole vikipauka, vikawa baridi au vikafa ganzi, au mtoto akilia kwa maumivu makali anaponyooshewa vidole, hiyo ni dharura. Kama kipande cha kidole kimekatika, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kisiguse barafu chenyewe. Kiende hospitali pamoja na mtoto.

Mashine ya Tabata ilikaa mwezi mzima imefunikwa kanga. Baba wa familia alitaka iuzwe. Mama akasema aliyeinunua atakuwa na watoto pia. Hatimaye akapatikana fundi wa pili, mzee mwenye kibanda Buguruni, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa breki iko wapi. Alipoambiwa haipo, alikataa kuiwasha. Alirudi baada ya siku mbili na waya mpya na kipande cha breki alichokitoa kwenye mashine mbovu ya aina hiyohiyo, akavifunga, kisha akamwomba mwenye nyumba ainue mfuniko mwenyewe.

Sasa kila Jumamosi hufanya hivyo kabla ya mzigo wa kwanza. Mvulana wake haruhusiwi kuvuka kizingiti cha uwani mashine ikiwa imewashwa, kwa hiyo husimama mlangoni, kidole kikiwa bado kimepinda kidogo, na yeye ndiye anayehesabu kwa sauti. Wiki iliyopita alifika nne, pipa likatulia.